Sahani ya Mpishi

Kitenge cha tatu ndicho kilichokataa kukaa. Viwili vya kwanza Mackrine alivizungusha kiunoni tangu alfajiri, kwake, akavibana kwa pini chini ya blauzi, na alipojitazama kwenye kipande cha kioo akaona walau nyonga zimerudi. Hicho cha tatu, cha kujaza mgongo, ndicho alichokuwa akihangaika nacho sasa, saa tatu asubuhi, nyuma ya jiko la harusi nyumbani kwa Rweyemamu, huku Nikuze, mwosha vyombo wake, amemkinga kwa ungo ili watu wa Ihembe wasipate cha kusimulia.

"Joto litakuua, Mama Kemi," Nikuze alisema. "Leo unapika au unavaa?"

"Acha maneno. Kaza hapo."

Nikuze akakaza. Mikono yake ilijua kukaza. Miaka kumi na minne alikuwa akifunga majani ya migomba juu ya masufuria ya Mackrine yasiachie hata uzi wa mvuke. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni, na katika kijiji ambacho kila mtu ana lake juu ya mwenzake, alijifunza mapema kufunga mdomo. Ndiyo maana Mackrine alimpenda. Ndiyo maana, katika Ihembe nzima, ni yeye peke yake aliyejua kwamba Mackrine alikatwa tumbo na madaktari kwa hiari yake mwenyewe ili apungue.

Mackrine akatokea mbele ya jiko. Kwa mbali ungesema ni yule yule wa zamani, kiuno kama pipa la maji. Kwa karibu usingesema. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, shingo imebaki kamba, na ngozi ya mikono ilining'inia ikitikisika kila alipoelekeza kidole. Masufuria sita yalikaa juu ya mafiga chini ya turubai: matatu ya ndizi, maana harusi isiyo na ebitoke, ndizi za kupika, kwetu ni kikao cha shule tu, moja la maharage, moja la nyama, na moja la pilau kwa ajili ya wakwe kutoka Kyerwa, wasije wakarudi wakasema wamelishwa kishamba. Ndizi alizipanga mwenyewe, majani mabichi chini, zilizomenywa juu yake zikilala kichwa kwa mkia, maharage katikati, kisha majani tena. Mwiko wake ulikuwa mrefu kama jembe, na mwenye macho aliona kwamba hakuushika kwa kupikia tu. Aliuegemea.

Verdiana alikuwa na macho. Huyo ndiye mpishi wa pili, mama wa makamo, mnene wa kung'aa, mcheshi, na mdomo wake haukujua likizo. Tangu asubuhi alishawapa wamenya ndizi habari za mwalimu aliyehamishwa, za mke wa mwenyekiti na simu yake, na sasa alikuwa ameegemea nguzo akimtazama Mackrine kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili.

"Ukichoka useme, dada," alisema. "Mimi nipo."

"Upo wapi? Vitunguu vyako vinaungua."

Wamenya ndizi wakacheka. Verdiana naye akacheka, akageukia kikaango, akachota mchuzi kwa kijiko, akaonja, akaongeza chumvi. Mackrine alimwachia. Zamani chumvi ilikuwa yake, asingeruhusu mkono mwingine. Siku hizi alifumba macho akauvuta mvuke puani, na kwa harufu peke yake alijua kama nyama imekubali. Hakukosea mara nyingi. Lakini mpishi anayenusa na asionje ni kitu ambacho watu hukiona, na wakishakiona hawakiachi.

Hapo lazima ieleweke sahani ya mpishi ni nini. Pande hizi, kuanzia Ihembe hadi Ihanda na Rugu, hakuna ukoo usio na kisa cha shemeji aliyekwenda harusini kwa miguu yake akarudishwa kwa machela. Iwe kweli, iwe uzushi, watu hula sherehe za watu kwa jicho la shaka. Ndipo wenyewe wakajiwekea utaratibu: kabla mgeni hajagusa chakula, mpishi mkuu anapakuliwa sahani kutoka kila sufuria, anasimama mbele ya wakwe, anakula. Wapishi wengine walikula vijiko viwili kwa uso wa mtu anayemeza kwinini. Mackrine aliigeuza kuwa tamasha. Alipakuliwa ya kujaa, akala akisimulia, akavunja mfupa akafyonza uboho, akashushia na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono na kuwauliza wakwe kama bado wana hofu au waletewe mto walale. Wageni walikuwa wamekwisha kupanga foleni huku wakimeza mate. Kuna watu walikuja harusini zaidi kumwona Mackrine akila kuliko kumwona bibi harusi.

Mwili ulikuwa sehemu ya kazi. Alikalia benchi la watu wawili, na hakuna aliyemcheka. Mama mwenye mwili kama ule, watu walisema, ana mkono wenye baraka.

Halafu sukari ikampata. Kisha magoti. Kidonda cha kisigino kikakaa miezi saba bila kufunga, na daktari akatamka neno mguu na neno kukata katika sentensi moja. Bintiye Kemilembe, aliyekuwa mhasibu Dar es Salaam, alikuja kumchukua mwenyewe. Huko daktari mmoja kijana, mpole, alimchorea picha kwenye karatasi. Tumbo lako ni gunia, alimwambia, tutaondoa sehemu kubwa, tubakize bomba jembamba tu, kama ndizi.

"Ndizi gani?" Mackrine aliuliza.

Daktari hakuelewa swali. Hakujua kwamba kwao Karagwe huwezi kusema ndizi ukaishia hapo. Kuna ya kupika, ya kuchoma, ya kuiva, ya pombe, na kila moja ina umbo lake. Kemilembe alicheka mpaka nesi akaja kuchungulia. Hicho kilikuwa kicheko cha mwisho walichocheka pamoja juu ya jambo lile.

Ni haki kusema kwamba mwanzoni upasuaji ulimfaa. Sukari ilishuka ikakaa. Kisigino kikafunga. Aliporudi nyumbani alipanda kilima cha kanisa bila kupumzika njiani, akapiga magoti mezani pa Bwana na kunyanyuka bila kushikwa, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka tisa. Usiku ule alilia kwa furaha. Alikuwa na dawa za vitamini za kumeza kila siku maisha yake yote, sindano kila miezi mitatu, na masharti: vijiko vichache, tafuna sana, usinywe wakati wa kula, vitamu kaa navyo mbali, na kila baada ya muda rudi tukuone.

Kosa lilikuwa moja, na lilikuwa lake. Hakusema. Alipoondoka aliaga kwamba anakwenda kumwangalia Kemilembe aliyejifungua. Angesema nini? Kwamba yeye, aliyelisha tarafa nzima, chakula ndicho kilichotaka kumwua, na kwamba kuna watu wanalipwa kumpunguzia mtu tumbo wakati majirani zake wanakopeshana maharage? Alipoulizwa mjukuu anaitwa nani, jina lililomjia mdomoni ni Benjamin. Wakamzoea Benjamin. Wakauliza ameota meno mangapi. Mwisho wakataka picha, na Kemilembe, ambaye hakuwa na mtoto wala mume, alimkatia simu mamaye kwa mara ya kwanza maishani.

Mwili nao ukaendelea kushuka. Nywele zilibaki kwenye kitana. Ihembe ikamtazama, na Ihembe inajua kukonda kuna maana gani. Wazee waliozika watu wao miaka ya themanini, nyumba kwa nyumba, hawakuhitaji kuuliza. Walipunguza sauti tu alipopita. Mackrine alikwenda kupima UKIMWI mara mbili, akayaacha majibu mezani kama mtu aliyesahau, wageni wakayasoma, wakaona kwamba hana. Wiki hiyo hiyo ikasemwa kwamba siku hizi hata majibu yananunuliwa.

Kisha kutapika kulianza. Kwanza mara moja moja, kisha kila siku, hata uji. Vidonge vikubwa vya vitamini vilimkwama, akaviacha. Nyayo zikaingia ganzi. Alitembea kama mtu aliyevaa soksi ambazo hawezi kuzivua. Alipokwenda kutibiwa, tabibu alimuuliza kama amewahi kufanyiwa upasuaji. Mlangoni alikuwa amesimama binti wa jirani yake akipanga mafaili. Mackrine akasema hapana. Tabibu akaandika vidonda vya tumbo, na kwa alichoambiwa, angeandika nini kingine? Kemilembe alipiga simu kila jioni. Daktari anasema kutapika kila siku si kawaida, Mama, kuna mahali pamebana, na hiyo ganzi ni mwili kukosa vitamini, inaweza kukulaza moja kwa moja. Panda basi kesho.

"Baada ya harusi ya Rweyemamu," Mackrine alimjibu.

Maana sherehe nne zilishamwacha. Ya nne ilikuwa ya kanisa lake mwenyewe, na aliisikia harufu yake akiwa amekaa mlangoni kwake. Rweyemamu peke yake ndiye aliyesimama, kinyume na maneno ya mkewe, akasema mama huyu alipika harusi yangu na atapika ya binti yangu. Siku ile moja ingemrudisha au ingemfuta. Akipika vizuri, akala sahani yake mbele ya watu kama zamani, midomo ingenyamaza, na kesho yake angepanda basi kwenda kutibiwa akiwa bado ni mpishi. Ndivyo alivyopanga.

Alikwisha kuongea na Rweyemamu kwamba sahani ya leo iwe ya vijiko viwili tu, kwa sababu ya vidonda vyake vya tumbo. Vijiko viwili aliviweza. Vilikaa, akitafuna polepole, na asiponywa kitu.

Wakwe walifika saa saba na nusu. Mkuu wao alikuwa Gaudiosus, baba mkubwa wa bwana harusi, mzee mrefu mwenye koti la suti na huzuni ya siku nyingi. Mdogo wake alikufa siku mbili baada ya kula sherehe ya watu, na tangu hapo Gaudiosus alikuwa akienda harusini na chupa yake ya maji mfukoni. Njiani msafara ulisimama Omurushaka kujaza mafuta, na pale, kama inavyokuwa, kulikuwa na mtu anayejua. Akawaambia kwamba mpishi wa harusi yenu amebaki mifupa, haonekani akila mbele ya watu mwaka wa pili huu, na kwamba hali hata anachokipika mwenyewe. Kikapu cha kahawa za kutafuna kilipopitishwa kukaribisha wageni, Gaudiosus alikipokea kwa heshima zote, akakipeleka kwa jirani yake bila kuchukua hata punje. Wenyeji wote waliona. Mke wa Rweyemamu akaingia ndani kujipepea.

Dakika chache baadaye Rweyemamu alikuja jikoni, tai imelegea.

"Mama Kemi, wanataka sahani ya mpishi."

"Si tumekwisha kukubaliana? Ninakuja."

"Wanaitaka ile ya zamani." Alitazama majivu. "Ya kujaa. Na rubisi. Yule mzee anasema la sivyo watakaa na bibi harusi wao, waimbe, waondoke bila kula."

Wakwe kuondoka bila kula ni sawa na kumrudisha binti mlangoni. Ndipo Verdiana akajifuta mikono kwenye aproni.

"Nipeni mimi," alisema, na hakuwa na dhihaka usoni. "Chumvi ya humu yote nimeonja mimi. Dada apumzike."

Rweyemamu alimtazama Mackrine kwa macho ya kuomba. Ilikuwa njia nyepesi, na kila mtu aliiona, hata yeye. Lakini anayekula ile sahani ndiye mpishi; wakwe hawaulizi nani alipanga ndizi wala nani aliamka saa tisa. Angeitoa leo, asingeipata tena. Nikuze, aliyekuwa ameinamia sufuria chafu, alitikisa kichwa mara moja, kidogo sana, kumkataza.

"Pakua," Mackrine alimwambia Verdiana. "Ya kujaa."

Alitoka na sahani kwenye mwanga wa turubai la wageni, hatua ndogo ndogo, akitazama ardhi ili ajue miguu imekanyaga wapi. Watu mia tatu. Aliwaamkia wakwe, akapokea marahaba ya Gaudiosus, akasimama pale pale aliposimama miaka yote. Akamega ndizi. Ilikuwa imeiva vizuri, laini, ya manjano iliyokolea maharage, na kwa kitambo kidogo alisahau kila kitu, akafurahi tu kwamba imetoka vizuri. Tonge la pili. La tatu akaanza kusimulia, kile kisa cha padri na jogoo, na wenyeji wakacheka kabla ya mwisho kwa sababu walikijua. Mtu akapiga kofi. La nne, na kipande cha nyama. Kifuani alisikia chakula kimesimama, kimepanga foleni mlangoni, hakiingii. Akatabasamu. Akameza mate, akameza tena. La tano.

Makofi yakaenea. Hata mke wa Rweyemamu alikuwa amerudi, anapiga.

"Shushia, mama," Gaudiosus alisema, akamnyooshea kibuyu kwa mikono miwili. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kuamini.

Mackrine alipokea. Rubisi ilikuwa mpya, tamu, bado inachemka povu. Alipiga mafunda matatu makubwa, akakirudisha kibuyu na kufungua mdomo autoe ule utani wake wa mto.

Utani haukutoka. Jasho ndilo lilitangulia, jasho la baridi, likamtiririka chini ya vitenge vitatu. Moyo ukaanza kukimbia. Turubai likapoteza rangi, nyuso za wakwe zikawa mbili mbili, na yale matonge matano, na nyama, na povu la rubisi, vyote vikarudi kwa pamoja mbele ya meza ya maharusi. Magoti, yale aliyoyaponya, yakamwachia. Alianguka ubavu.

Kina mama wa Kyerwa walianza kuwavuta watoto wao mmoja mmoja, kimya, na viti vikasogea. Kisha sauti moja, ya chini kabisa, ikasema neno lililokuwa limekaa vinywani mwa watu tangu Omurushaka. Sumu.

Mackrine alilisikia. Alisikia pia Rweyemamu akianza kueleza jambo na kushindwa. Akajua kwamba masufuria sita yale, ndizi alizozilaza kwa mkono wake, zitamwagwa shimoni, na binti wa watu ataolewa kwenye nyumba ambayo haitasahau. Akajiinua kwa kiwiko.

"Si sumu," alisema. "Chakula ni kizima. Mimi ndiye nimekatwa tumbo."

Akawaambia. Kwa mara ya kwanza, mbele ya watu mia tatu, alisema yote: sukari, mguu, Dar es Salaam, madaktari, tumbo lililopunguzwa likabaki jembamba. Hakuna Benjamin, alisema. Sikuwa na mjukuu, nilikuwa kitandani. Na alipoona nyuso hazibadiliki, akaanza kuvuta blauzi awaonyeshe. Ikabidi kwanza avitoe vitenge. Pini zikaruka. Cha mgongoni kikatoka, kisha cha pili, kisha kile cha kwanza kilicholoa, kimoja baada ya kingine, kama mgomba unavyomenywa maganda ya shina, na ndani yake akabaki mwanamke mdogo mwenye ngozi ya mtu mkubwa. Tumboni kulikuwa na makovu matano, mafupi, meusi, kila moja halizidi kucha.

Gaudiosus aliinama. Aliyatazama kwa makini na kwa heshima, akayahesabu kwa kidole bila kugusa.

"Mama," alisema polepole, "mimi nimemsindikiza mke wangu hospitali akapasuliwa mara mbili. Daktari akikupasua tumbo, anakupasua kuanzia hapa mpaka hapa. Hizi si za daktari. Hizi ni chale."

Alisema hivyo, na kila mtu akaona kwamba ni kweli. Chale tano za wembe, za mganga, na pembeni yake vitambaa alivyokuwa amejifunga mwilini. Mackrine alieleza kwamba siku hizi wanaingiza vyuma vidogo na kamera, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuwa ajabu. Mwanamke mmoja wa Ihembe, jirani aliyewahi kukopa sufuria yake, aliuliza, kwa mshangao wa dhati kabisa, ni nani mwenye akili atakayelipa watu wamkate tumbo zima ili asile. Wachache wakacheka. Mke wa Rweyemamu akaja na khanga, akamfunika kama anavyofunikwa mtu aliyepatwa barabarani.

Ndipo Verdiana akatoka jikoni. Hakusema neno, na kwa Verdiana hilo lilikuwa jambo. Alikuwa na sahani iliyojaa mpaka ukingoni: ndizi, maharage, pilau, mfupa juu yake. Akasimama hatua tatu kutoka pale Mackrine alipokuwa, akala. Alikula yote. Alivunja mfupa. Alimaliza kibuyu kile kile, akasubiri, mikono kiunoni, mnene, anang'aa, mzima wa afya. Baada ya muda mrefu aliwauliza wakwe wanamwonaje, au na yeye avue. Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko utani wenyewe. Gaudiosus alikuwa wa kwanza kunyanyuka kushika sahani.

Nikuze alimburuta Mackrine nyuma ya jiko, akamlaza juu ya majani ya migomba yaliyobaki. Kutoka pale walisikia kila kitu: foleni, miiko kwenye masufuria, watu wakirudia mara ya pili. Ndizi hizi, mtu alisema kwa Kinyambo, akisimama karibu sana na ukuta wa mabanzi, ndizi hizi sijazila tangu utotoni. Mwingine akamjibu kwamba ni yule mama mnene, huyo ndiye wa kumshika kwa harusi ya Agosti. Walimwita Verdiana mbele, wakampigia vigelegele.

"Amekuja kuniokoa au kunizika?" Mackrine aliuliza.

Nikuze alifikiri. "Sijui, Mama Kemi. Sidhani kama na yeye anajua."

Baadaye kidogo Verdiana mwenyewe alichungulia pale. Aliweka chini bakuli la maji, akasema tu kwamba lile sufuria la tatu limebaki ukoko mtupu. Kisha wakamwita tena mbele, akaenda.

Saa kumi Mackrine alijaribu kusimama, miguu ikakataa. Si udhaifu, haikuwepo tu. Nikuze akatoka barabarani akarudi na bodaboda, wakampakia katikati, mshikaki wa watu watatu, na yule kijana wa pikipiki hakulalamika kuhusu uzito. Walipita mbele ya turubai. Muziki ulikuwa umefunguliwa, maharusi wanakata keki, na hakuna aliyegeuka. Nikuze alimzungushia mikono kutoka nyuma, na mikono ile ikakutana tumboni kwake na kupitana.

Hospitalini mjini palikuwa pametulia. Nesi wa zamu alikuwa mgeni, binti wa mkoa mwingine, mwenye miwani na fomu ya maswali. Jina. Umri. Unakotoka. Kisha akauliza, kama anavyouliza kila mtu, kama amewahi kufanyiwa upasuaji. Nikuze aligeuza uso akatazama dirisha.

"Nimepunguzwa tumbo," Mackrine alisema. "Dar es Salaam. Mwaka juzi."

Nesi aliandika. Hakuinua hata kichwa. Aliuliza ni ile ya kukata sehemu ya tumbo au ya kubadilisha njia ya chakula, akauliza tangu lini anatapika, akamfinya kidole gumba cha mguu akauliza kama anasikia. Hasikii. Akamwita daktari kwa simu ya mezani, akamwambia mgonjwa ana upungufu mkubwa wa vitamini, aje haraka na aangalie rufaa. Yote hayo hayakuchukua muda wa kuchemsha chai. Mackrine alimtazama yule binti kwa mshangao, na mshangao ule ulimuuma kuliko kitu chochote cha siku ile.

"Leo umekula nini, mama?" nesi aliuliza, kalamu tayari.

Mackrine alifumba macho.

"Ndizi," alisema. "Za kupika, zile fupi, hazikatwi wakati wa mvua. Unazimenya saa kumi alfajiri, unaziloweka zisiwe nyeusi. Chini unatandika majani, lakini uyapitishe kwanza motoni yalainike, yasipasuke. Maharage yawe mapya. Unayaweka katikati, si juu, juu yanakauka. Halafu nyama, ya mbavu, na usiikimbize..."

Aliendelea, sauti yake ndogo, mikono ikipanga hewani juu ya shuka, kichwa kwa mkia, kichwa kwa mkia. Kalamu ya nesi ilikuwa imesimama. Hakuwa ameandika kitu tangu neno la kwanza. Alikuwa amekaa hivyo, zamu ya tangu asubuhi bado mabegani, akimsikiliza, na Mackrine alipofika kwenye mfupa, Nikuze alimwona nesi akimeza mate.